Avebury: nyumba zilizobomolewa ili mawe yaonekane

Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mkoa wa Wiltshire, ipo parokia ya vijijini iitwayo Avebury. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Parokia huko si mambo ya kanisa tu. Ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, yenye baraza lake la kuchaguliwa, linaloshughulika na vijia, makaburi, uwanja wa michezo na maoni ya wanakijiji kuhusu nani ajenge nini na wapi. Kwa idadi ya watu, Avebury ni kama parokia nyingine yoyote. Kwa malikale, sehemu nyingi duniani zingeionea wivu. Ndani ya mipaka yake au jirani kabisa kuna duara la mawe ambalo ni kubwa kuliko yote yanayojulikana, kilima cha kutengenezwa kwa mikono chenye urefu wa mita zipatazo 30, kaburi la pamoja la zaidi ya miaka 5,500, na njia iliyopangwa mawe mawiliwawili kwa zaidi ya kilomita mbili. Mwaka 1986 UNESCO iliviingiza vyote, pamoja na duara jingine maarufu la mawe liitwalo Stonehenge, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kisa ninachokichambua hapa ni kimoja. Kijiji cha Avebury kimejengwa ndani ya duara lile. Katika miaka ya 1930 tajiri mmoja aliamua kwamba duara lirudi karibu na lilivyokuwa zamani, na ili lirudi, nyumba za watu zikabidi ziondoke. Nyingine ziliondoka kweli. Maoni yangu nitayasema mapema, msomaji asije akadhani namvizia: kazi ya kuyasimamisha mawe ilifanywa vizuri kuliko wakosoaji wanavyokubali, lakini ile ya kuwaondoa wakazi ilitokana na kosa la kufikiri kwamba historia ya mahali huwa na umri mmoja tu wenye thamani.

Mahali penyewe

Duara la nje lina kipenyo cha zaidi ya mita 330, na lilikuwa na mawe yapatayo 100. Ndani yake kulikuwa na maduara mengine mawili, la kaskazini na la kusini. Mawe ni ya aina iitwayo sarseni, mchanga uliogandamana ukawa mgumu kupita kiasi, nayo yaliburutwa kutoka kwenye nyanda za juu za Marlborough zilizo karibu. Hayakuchongwa. Yaliwekwa kama yalivyookotwa, mengine mapana yenye mabega, mengine membamba, na makubwa kabisa yanakadiriwa kuzidi tani 40.

Nje ya mawe kuna handaki, na nje ya handaki kuna tuta la duara lenye mzunguko wa zaidi ya kilomita moja. Huo mpangilio wenyewe unasema jambo. Ngome haijengwi handaki likiwa upande wa ndani, maana adui angepanda tutani akawatazama kwa chini. Kwa hiyo wataalamu wengi wanapaona kama mahali pa ibada au mikutano. Harold St George Gray, aliyechimba hapo kwa vipindi kati ya 1908 na 1922, alikuta kwamba handaki lilikuwa na kina cha mita tisa hivi kabla ya udongo kulijaza, na chini yake alikuta pembe za kulungu zilizotumika kama sururu. Ardhi ya huko ni mwamba laini mweupe wa chokaa. Tuta lilipokuwa jipya lilikuwa jeupe pe, bila hata unyasi. Kazi yote hiyo, ya vizazi kadhaa, ilifanyika kati ya mwaka 2850 na 2200 K.K. hivi, na watu wasiokuwa na chuma wala gurudumu.

Kijiji kikaja baadaye sana. Kanisa la Mtakatifu James, ambalo sehemu zake ni za miaka ya 1000 hivi, lilijengwa nje kidogo ya tuta upande wa magharibi. Kisha nyumba zikasogea ndani taratibu, barabara zikapita kwenye matundu ya tuta, na pale katikati pakawa njiapanda. Barabara kuu ya A4361 bado inapita humohumo. Kuna baa iitwayo Red Lion, yenye paa la nyasi, iliyoanza kama nyumba ya shamba katika karne ya 17 na kupata leseni ya pombe mwanzoni mwa karne ya 19. Kuna kanisa dogo la Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza, nalo kuta zake zimejengwa kwa vipande vya mawe yaleyale ya duara. Sijui mahali pengine ambapo mtu anaweza kunywa bia katikati ya hekalu la kale bila mtu kumwona kituko.

Waliofukia na waliovunja

Mawe hayakuanguka yenyewe. Yaliangushwa mara mbili, kwa sababu mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kisa chote.

Mara ya kwanza ilikuwa zama za kati, hasa mwanzoni mwa karne ya 14. Wanakijiji walichimba mashimo kando ya mawe, wakayalaza ndani, wakafukia. Kwa nini? Maelezo ya kawaida ni hofu ya kidini: mawe ya wapagani karibu na kanisa. Wengine wanasema walitaka tu kulima. Mwaka 1938, chini ya jiwe moja lililofukiwa, ilikutwa mifupa ya mwanamume akiwa na mkasi, chombo cha chuma chenye ncha, na sarafu za fedha za mwanzo wa karne ya 14. Kutokana na vifaa hivyo akaitwa kinyozi-tabibu, kwa kuwa zama zile kinyozi ndiye aliyekuwa akiumika watu na kung'oa meno. Hadithi ikatengenezwa upesi: jiwe lilimwangukia akiwasaidia wanakijiji, nao wakaogopa wasirudie tena. Mifupa ilipelekwa London, ikadhaniwa imeteketea kwa mabomu ya mwaka 1941, halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana kwenye stoo za Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia. Ilipopimwa upya, ile hadithi ya kupondwa na jiwe ilitiwa shaka kubwa. Huenda alizikwa pale akiwa amekwisha kufa. Hadithi ya zamani bado inasimuliwa kwa watalii, maana ni tamu kuliko ukweli.

Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, na hapo hapakuwa na hofu yoyote. Watu walitaka mawe ya kujengea na nafasi ya kulimia. Daktari William Stukeley, aliyekuja Avebury kila mwaka kati ya 1719 na 1724, alishuhudia na kuchora jinsi kazi ilivyofanyika. Shimo lilichimbwa chini ya jiwe, likajazwa majani makavu na kuwashwa moto. Jiwe likipata joto kali, mstari wa maji baridi ulimiminwa juu yake, kisha likapigwa nyundo kubwa pale kwenye mstari. Likapasuka. Stukeley aliwataja kwa majina waliofanya hivyo na kuwalaani. Mmoja wao, Tom Robinson, amebaki kwenye kumbukumbu kama muuaji wa mawe. Duara dogo lililokuwa kwenye kilima cha Overton, liitwalo The Sanctuary, lilifutwa kabisa katika miaka hiyo. Pakabaki shamba tupu mpaka mwaka 1930, Maud Cunnington alipopapata tena kwa kufuata michoro ya Stukeley.

Hapa ndipo panapofurahisha. Walioyaogopa mawe ndio walioyahifadhi. Jiwe lililofukiwa mwaka 1320 lilikuwa salama shimoni wakati jirani yake lililoachwa limesimama lilipokuwa likipasuliwa kwa moto mwaka 1720. Karibu kila jiwe lililosimamishwa upya katika karne ya 20 ni lile ambalo mkulima wa zama za kati alilizika. Ukienda leo ukayashangaa, unawashangaa pia waliojaribu kuyaondoa.

Waliokuja kuokoa

John Aubrey, mwenyeji wa Wiltshire, aliliona duara mwaka 1649 akiwa kwenye msafara wa kuwinda, na baadaye akamleta Mfalme Charles wa Pili kulitazama mwaka 1663. Aliandika kwamba linaizidi Stonehenge kama kanisa kuu la jimbo linavyozidi kanisa la parokia. Lakini Aubrey na Stukeley walikuwa na kalamu tu. Kalamu haikuzuia nyundo.

Aliyezuia ni pesa. Mwaka 1871 sehemu ya ardhi iligawanywa viwanja vya kujengea nyumba ndani ya duara. John Lubbock, mwenye benki na mbunge, akavinunua. Kisha akapigania bungeni kwa miaka mingi mpaka ikapatikana Sheria ya Kulinda Majengo ya Kale ya mwaka 1882, ya kwanza ya aina yake Uingereza. Ilikuwa sheria dhaifu: mwenye ardhi hakulazimishwa kitu, aliombwa tu kukabidhi ulinzi kwa serikali, na nguvu za kulazimisha hazikuja mpaka sheria ya 1913. Alipopewa cheo cha Lord mwaka 1900, Lubbock alichagua kuitwa Lord Avebury. Ni huyuhuyu aliyeleta bungeni sheria ya sikukuu za benki mwaka 1871, kwa hiyo familia zinazojaa Avebury siku hizo za mapumziko zina deni kwake mara mbili.

Ikumbukwe kwamba Lubbock alizuia nyumba mpya tu. Zilizokuwapo hakuzigusa.

Keiller

Alexander Keiller alizaliwa 1889, mrithi wa kampuni ya Dundee iliyotajirika kwa jamu ya machungwa. Alipenda magari ya kasi, kuteleza kwenye theluji, na ndege. Mwaka 1928 yeye na mwanaakiolojia O.G.S. Crawford walitoa kitabu cha picha za malikale zilizopigwa kutoka angani. Mwaka 1924 alinunua kilima cha Windmill Hill, jirani na Avebury, baada ya kupambana na mpango wa kampuni ya redio kusimamisha mlingoti wake pale. Akakichimba tangu 1925 mpaka 1929, kwa umakini uliozidi wa wengi wa zama zake.

Miaka ya 1934 na 1935 akafanya kazi kwenye njia ya mawe ya West Kennet. Kisha akahamia Avebury kabisa, akakodi jumba la kifahari la kijiji, na kununua ardhi na nyumba kipande kwa kipande. Mwaka 1937 alianza robo ya kaskazini-magharibi, 1938 ya kusini-magharibi, 1939 ya kusini-mashariki. Miti iliyoota tutani ilikatwa, na visiki vikang'olewa kwa baruti. Mawe yaliyofukiwa yalichimbuliwa, mashimo yao ya asili yakatafutwa, nayo yakasimamishwa humohumo kwa zege. Pale ambapo jiwe lilikuwa limevunjwa na shimo tu limebaki, aliweka nguzo fupi ya zege. Mwaka 1938 akafungua jumba la makumbusho katika zizi la farasi la jumba lake.

Zile nguzo za zege zimetukanwa sana. Ni mbaya kwa macho, sikatai. Lakini ni kitu cha uaminifu kuliko vyote alivyovifanya. Angeweza kuburuta mawe mengine kutoka nyandani akajaza mapengo, na leo hakuna mtalii ambaye angejua. Badala yake alisema waziwazi: hapa palikuwa na jiwe, sasa halipo. Mahali lilipokuwa jiwe refu la katikati ya duara la kusini, ambalo Stukeley alilikuta limelala likiwa na urefu wa mita sita na zaidi, pana nguzo kubwa ya zege, na mtu hawezi kuidhania kuwa kitu kingine.

Wenye nyumba

Uaminifu huohuo haukutumika kwa kijiji. Machoni pa Keiller nyumba ndogo za wafanyakazi wa mashamba, mabanda, ghala na gereji vilikuwa uchafu uliolifunika jengo la kale. Alizinunua na kuzibomoa. Kisheria hakuna alichokosea. Mali ilikuwa yake. Wapangaji walihamia kwingine, wengi wakipelekwa Avebury Trusloe, kitongoji kilicho upande wa magharibi, ambako nyumba zilijengwa. Tuseme na upande wa pili: baadhi ya zile za zamani zilikuwa na unyevunyevu na bila maji ya bomba, na wapo walioifurahia nyumba mpya yenye jiko zuri na bustani. Lakini kijiji kilichokuwa kimoja kikawa viwili, na kile chenye mawe, baa na kanisa kikawa kinapungukiwa na watu wake mwaka hadi mwaka.

Vita vya 1939 vilisimamisha kila kitu, na Keiller hakurudi tena kuchimba. Mwaka 1943 aliuza mali yake ya Avebury, ekari 950 hivi, kwa shirika la hifadhi la National Trust kwa pauni 12,000, ambayo ni bei ya ardhi ya kulima tu. Ukarimu huo si mdogo. Ila shirika halikupokea ardhi peke yake. Lilirithi na ile fikra. Kwa miaka kadhaa baada ya vita, sera ilikuwa kwamba nyumba ya ndani ya duara ikibaki wazi, isipangishwe tena, ibomolewe. Hapakuwa na askari wala matingatinga ya usiku, mambo yalikwenda kwa ustaarabu wote wa Kiingereza, barua kwa barua. Hatimaye sera ikaachwa, kwa sehemu kwa sababu ya gharama, na kwa sehemu kwa sababu wataalamu wenyewe walibadilika: nyumba ya karne ya 17 iliyojengwa kwa mawe yaliyovunjwa ya duara nayo ni ushahidi. Ukiibomoa umefuta sura nzima ya maisha ya duara lenyewe.

Hilo ndilo kosa ninalolisema. Keiller alichimba kama mwanasayansi, lakini alipokuwa akichagua kipi kibaki alikuwa shabiki. Alipenda Enzi ya Mawe. Kijiji kilichokuwa kimekaa na mawe yale kwa miaka karibu elfu, kikayaogopa, kikayafukia, kikayavunja, kikayageuza kuta na vizingiti, kwake kilikuwa kelele tu. Bila wale wanakijiji pasingekuwa na jiwe la kuchimbua.

Mraba wa mwaka 1939

Katika msimu wake wa mwisho, Keiller alikuta kitu kwenye duara la kusini ambacho hakukielewa: mstari wa mawe madogo na, karibu yake, mashimo ya nguzo za mbao. Mashimo alidhani ni ya kibanda cha zama za kati. Vita vikaja, shimo likafukiwa.

Mwaka 2017 wanaakiolojia wa vyuo vikuu vya Leicester na Southampton walipita pale na vifaa vya kupima chini ya ardhi bila kuchimba. Wakaona kwamba mawe yale madogo ni upande mmoja wa mraba wa mita 30 kwa 30, uliozunguka mahali penye yale mashimo. Na mashimo yenyewe, wanasema, yanafanana zaidi na nyumba ya wakulima wa kwanza wa nchi hiyo, ya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Nadharia yao ni kwamba nyumba hiyo ilipoacha kukaliwa, watu waliikumbuka; wakaizungushia mawe, kisha maduara, kisha tuta na handaki. Bado ni nadharia, na wapo wanaoipinga. Ikiwa ni sahihi, basi kitovu cha Avebury ni kwa akina fulani, nyumba ya familia ambayo jirani zao hawakutaka isahaulike. Nyumba za karne ya 17 zilibomolewa ili kulisafishia nafasi kumbukumbu ya nyumba.

Nani anazungumza kwa niaba ya nani

Swali la wenyewe halikuishia kwenye majengo. Mwaka 2006 kundi la Wadruidi wa kisasa, wafuasi wa imani inayojinasibisha na dini ya kale ya kabla ya Ukristo, liliomba mifupa ya watu wa kale iliyomo kwenye makumbusho ya Avebury irudishwe kaburini, hasa ya mtoto mdogo aliyechimbuliwa na Keiller Windmill Hill mwaka 1929, ambaye watunzaji humwita Charlie. English Heritage, shirika la kutunza malikale za Uingereza, na National Trust waliliendesha jambo hilo kwa taratibu zote, wakawauliza wananchi, na mwaka 2010 wakaamua mifupa ibaki. Sababu ilikuwa kwamba waombaji hawakuwa na uhusiano na mtoto yule ulio wa karibu kuliko Mwingereza mwingine yeyote, na kwamba mifupa bado ina cha kufundisha. Naona uamuzi ulikuwa sahihi. Ninachokitambua zaidi ni kwamba Charlie, aliyekufa miaka elfu tano na zaidi iliyopita, aliundiwa mchakato wa kusikilizwa wa miaka minne, ilhali mpangaji wa mwaka 1938 alipewa notisi.

Leo kiingilio kwenye mawe hakuna. Unalipia maegesho na makumbusho. Kondoo wanakula majani kati ya mawe, na mtu anaruhusiwa kuyagusa, tofauti na Stonehenge ambako kamba inakuweka mbali. Kazi kubwa ya baraza la parokia na wenzao ni ile isiyopigwa picha: maegesho yanayofurika siku ya jua kusimama mwezi Juni, yaani siku iliyo ndefu kuliko zote mwakani, malori kwenye kona za A4361, mkulima anayetaka kulima karibu na kaburi la kale, mwenye nyumba anayeomba kuongeza chumba kimoja na kukuta kwamba mtaro wa mita mbili wa bomba unahitaji mwanaakiolojia asimame pembeni. Anayeishi pale analipa gharama ya urithi wa dunia nzima, na mara nyingi hulipa bila kunung'unika sana.

Robo ya kaskazini-mashariki na sehemu kubwa ya kusini-mashariki Keiller hakuzifikia. Upimaji wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba chini ya majani kuna mawe mengine yasiyopungua 15, yamelala kama yalivyolazwa zama za kati. Yameachwa hapohapo. Uwezo wa kuyasimamisha upo, na picha za watalii zingependeza zaidi, lakini jiwe lililolala lina ushahidi wa aliyelilaza: shimo lake, majani aliyoweka chini, labda sarafu iliyomponyoka mfukoni. Ukilisimamisha unalipoteza hilo. Na kama nguzo za zege zilistahili kuwekwa mahali pa mawe yaliyopotea, basi zile nyumba zilizobomolewa nazo zinastahili alama zake nyasini, chumba kwa chumba, pamoja na majina ya waliokuwa wakiishi humo.